Kiti kilichokuwa mama: Hila ya picha katika enzi ya Malkia Victoria

Katika makala yetu ya historia juma hili tunaitazama picha ya kiti ambacho kwa hakika hakikuwa kiti. Hila iliyobuniwa katika studio za karne ya 19 inatuchukua kutoka London hadi reli ya Texas, kisha Zanzibar, na kuturudisha katika mji wa Richardson, ambako hadi leo wazazi wanajificha nyuma ya shuka nyeupe.

Hebu tuanze kwa kuitazama picha yenyewe kwa macho ya fikra.

Ni picha ndogo, inayoenea katika kiganja cha mkono. Mtoto wa miezi sita au saba, aliyevishwa gauni jeupe refu linaloshuka kupita miguu yake, ameketi juu ya kiti kikubwa kilichofunikwa kwa kitambaa cha maua. Mtoto ametulia, macho yake yameelekea kwenye kamera. Kwa mtazamo wa kwanza hakuna jambo la ajabu: mtoto na kiti, basi. Lakini ukiitazama mara ya pili, unaona kwamba kiti kile kina mabega. Juu ya mabega pana umbo la mviringo, mfano wa kichwa. Na chini ya kitambaa umechomoza mkono wa binadamu, uliomshika mtoto kiunoni. Kiti kile ni mama yake.

Picha za namna hii hazikuwa moja wala mbili. Zilipigwa kwa maelfu huko Uingereza, Marekani na Ulaya bara, katika sehemu kubwa ya utawala wa Malkia Victoria, aliyekalia kiti cha enzi tangu mwaka 1837 hadi 1901, na hata miaka kadhaa baada yake. Wakusanyaji wa picha za kale wamezipa jina la picha za mama aliyefichwa. Mama alifunikwa kwa zulia, kwa pazia au kwa shuka, akageuzwa kuwa kiti, ili mtoto aonekane yuko peke yake.

Watu wa leo hucheka wanapoziona. Wengine hutishika, kwani umbo lililofunikwa gubigubi linafanana na mzuka. Lakini hila hii, ambayo haikuhitaji mkasi, gundi wala rangi, inalo jambo zito la kutufundisha: nani huonekana katika picha, nani hafichiki, na nani husahauliwa.

Kamera iliyotaka subira

Sababu ya kwanza ya hila hii ilikuwa ufundi. Upigaji picha ulipotangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839, picha za Louis Daguerre zilitengenezwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, na bamba hilo lilihitaji kupokea mwanga kwa dakika kadhaa. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alichapisha njia mpya ya kutumia kioo kilichopakwa dawa ya kolodioni. Muda ukapungua ukawa sekunde chache tu. Lakini sekunde chache ni muda mrefu mno kwa mtoto mchanga.

Mtu mzima aliweza kuambiwa atulie. Studio nyingi zilikuwa na mhimili wa chuma wenye koleo dogo la kushikilia kisogo, ili kichwa kisiyumbe. Mtoto mchanga hakuwekewa chuma. Akitikisa kichwa, uso wake ulitoka kama moshi katika picha, na fedha ya mzazi ilikuwa imepotea bure. Mikono pekee iliyoweza kumtuliza ilikuwa ile aliyoizoea. Kwa hiyo mpiga picha alimhitaji mama, lakini mteja alitaka picha ya mtoto pekee.

Hapo ndipo kitambaa kilipopata kazi. Mama aliketi, akafunikwa, akampakata mwanawe juu ya magoti. Mara nyingine alichutama nyuma ya kiti halisi na kupitisha mkono pembeni. Mara nyingine hakufunikwa kabisa, bali baadaye uso wake ulikwanguliwa au kupakwa rangi nyeusi juu ya picha iliyokwisha kutengenezwa.

Na kuna jambo ambalo mtazamaji wa leo halioni kwa urahisi. Picha hizi mara nyingi ziliwekwa ndani ya fremu ya karatasi ngumu au ya shaba yenye tundu la umbo la yai. Tundu hilo lilionyesha uso na kifua cha mtoto, na kuyafunika mengine yote. Familia iliyoitundika picha ukutani haikuona mzuka wowote. Ni sisi, tulioziondoa fremu hizo baada ya miaka zaidi ya 100, ndio tunaomwona mama chini ya shuka.

Je, watoto hao walikuwa wamekufa?

Yapo maelezo yaliyoenea sana kwamba watoto walio katika picha hizi walikuwa maiti, na kwamba mama alifunikwa kwa ajili ya msiba. Ni kweli kwamba katika karne ya 19 baadhi ya familia ziliwapiga picha marehemu wao. Ni kweli pia kwamba kifo hakikuwa mbali na kitanda cha mtoto. Nchini Uingereza na Wales, kwa sehemu kubwa ya nusu ya pili ya karne hiyo, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai takriban 150 walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Hata hivyo, mantiki yenyewe inakanusha maelezo hayo. Maiti haitikisiki, na asiyetikisika hahitaji kushikwa. Mkono ule chini ya kitambaa ni ushahidi wa uhai. Mama alikuwa akishindana na mtoto anayepiga mateke, anayetaka kunyonya, anayetaka kuushika ule mtambo mkubwa wenye jicho moja. Lakini hofu ya kifo ilikuwapo nyuma ya picha. Mzazi aliyejua kwamba mwanawe huenda asifike mwaka wa pili alikuwa na haraka ya kupata sura yake angali hai. Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Reli yafika Richardson

Hila hii haikubaki Ulaya. Mwaka 1854 Mfaransa André Disdéri alisajili njia ya kupiga picha kadhaa ndogo juu ya kioo kimoja, na kadi zake zikaenea duniani kote. Mwaka 1856 Hamilton Smith wa jimbo la Ohio nchini Marekani alisajili picha inayotengenezwa moja kwa moja juu ya bamba jembamba la chuma. Watu walizoea kuziita picha za bati, ingawa bati halikuwamo. Zilikuwa rahisi, hazikuvunjika, na mteja aliondoka nayo mkononi baada ya dakika chache. Mpiga picha hakuhitaji tena jengo la fahari. Hema, kamera, chupa za dawa na kipande cha pazia vilimtosha, naye akafuata barabara na reli.

Katika jimbo la Texas reli iliyofungua maeneo ya kaskazini ilikuwa ya kampuni ya Houston and Texas Central. Ilianzia Houston, ikafika Dallas mwezi Julai mwaka 1872, na mwaka uliofuata, 1873, kando ya njia hiyo hiyo kaskazini ya Dallas ukaanzishwa mji mdogo wa Richardson, uliopewa jina la E. H. Richardson, mtu aliyehusika na ujenzi wa reli hiyo. Dallas nayo ilikua kwa kasi, na kufikia sensa ya mwaka 1880 ilikuwa na wakazi 10,358. Leo treni za umeme za abiria zinazopita Richardson zinafuata njia ileile iliyopitiwa na injini za moshi.

Lakini Texas ya miaka ya 1870 ilikuwa imetoka katika utumwa juzi tu. Sensa ya mwaka 1860 iliwahesabu watumwa 182,566 katika jimbo hilo. Tangazo la uhuru wao lilisomwa na jeshi la serikali kuu, chini ya Jenerali Gordon Granger, katika mji wa bandari wa Galveston, karibu na Houston, tarehe 19 Juni mwaka 1865. Na hapa, mpenzi msikilizaji, ndipo hadithi ya kiti inapobadilika sura.

Aliyeonekana bila kuonekana

Katika majimbo ya kusini mwa Marekani mikono iliyozoewa na mtoto wa familia yenye mali mara nyingi haikuwa ya mama yake. Ilikuwa ya yaya, mwanamke mweusi, na kabla ya mwaka 1865 mara nyingi mtumwa. Mtoto alipopelekwa studio, yaya ndiye aliyempakata.

Zimehifadhiwa picha kadhaa za aina hiyo. Mojawapo, ya mwaka 1858, imo katika hazina ya Chama cha Historia cha Missouri mjini St. Louis. Inamwonyesha mwanamke mweusi amempakata mtoto mzungu. Majina yao yamehifadhiwa: mtoto ni H. E. Hayward, na yaya ni Louisa.

Tuyatazame majina hayo kwa utulivu. Mtoto asiyejua hata kutamka ana herufi mbili za mwanzo na jina la ukoo. Mwanamke anayemshikilia ana jina moja tu, bila baba, bila ukoo. Na hata hivyo Louisa ana bahati kuliko wenzake wengi, kwani yaya wengi katika picha za namna hii hawana jina lolote. Nyuma ya picha limeandikwa jina la mtoto, na la mlezi halikuandikwa.

Ajabu ni kwamba Louisa hakufunikwa. Mama mzungu alijificha chini ya zulia ili asiharibu picha ya mwanawe, ilhali yaya mweusi aliachwa wazi, uso kwa uso na kamera. Kwa nini? Watafiti wa historia ya picha wanaeleza kwamba kwa familia iliyomiliki watu, yaya katika picha alikuwa ishara ya uwezo, sawa na saa ya dhahabu au gauni la hariri. Hakuwa na haja ya kugeuzwa kiti, kwa sababu machoni mwa sheria alikwisha kuhesabiwa miongoni mwa vitu.

Basi kuna kufichwa kwa namna mbili. Yuko aliyefichwa chini ya kitambaa, lakini familia yake ilimjua, ikamwita kwa jina na kumzika kwa heshima. Na yuko aliyefichwa hadharani, sura yake ikihifadhiwa kwa zaidi ya karne moja na nusu bila mtu kuuliza alikuwa binti wa nani, na kama naye alikuwa na mtoto wake mwenyewe aliyekuwa akilia mahali pengine saa ile.

Nguo ya mbeleko

Tusidhani kwamba jambo hili ni la wenzetu wa ng'ambo pekee. Mwaka ule ule wa 1873 ulipoanzishwa mji wa Richardson, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku biashara hiyo baharini. Utumwa wenyewe ulibaki, na hadhi yake ya kisheria visiwani ilifutwa mwaka 1897. Katika majumba ya mji mkongwe nako watoto walilelewa na yaya watumwa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, aliwataja walezi hao katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Kamera nazo zilikuwa zimekwisha kufika. Kabla ya karne ya 19 kwisha, wapiga picha wenye asili ya Goa, akiwamo A. C. Gomes, walikuwa na studio zao Unguja. Na katika picha nyingi za wakati huo zinazouzwa leo kama kadi za kumbukumbu, mwenye nyumba ana jina, na aliyesimama nyuma yake ameandikwa mtumishi.

Lakini pwani yetu, kama bara letu lote, inayo nguo nyingine ya kumshika mtoto, nayo ni mbeleko. Kwa mbeleko mama hufunga mwana mgongoni, akaenda nayo sokoni, shambani na harusini. Mtoto na mama huonekana pamoja, na anayemsalimu mmoja humsalimu na mwenzake. Katika studio ya London kitambaa kilifanya kazi iliyo kinyume. Kiliwatenganisha kwa jicho watu wawili ambao kwa mwili walikuwa wamekumbatiana.

Houston na Venice, Juni 2013

Kwa muda mrefu picha za mama aliyefichwa ziliuzwa kwa bei ndogo katika masoko ya vitu vya kale kama vichekesho tu. Mwezi Juni mwaka 2013 Waitaliano na wageni wao walizitazama kwa jicho jipya, pale msanii Linda Fregni Nagler alipotandaza mkusanyiko wake wa picha 997 za aina hiyo katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice. Picha moja inachekesha. Picha 997 zilizopangwa kwa safu zinamnyamazisha mtu.

Mwezi huo huo, katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Houston, yalifunguliwa maonyesho ya takriban picha 200 zilizofanyiwa hila tangu miaka ya 1840 hadi kabla ya kompyuta kuenea. Maonyesho hayo yaliandaliwa na jumba la Metropolitan la New York, yakapitia Washington kabla ya kufika Texas. Wakazi wa Houston waliwaona watu wanaochezea vichwa vyao wenyewe mikononi kama mipira, na mawingu yaliyochukuliwa kutoka picha moja na kupandikizwa katika nyingine. Somo lake lilikuwa moja: kamera haikuanza kusema uongo na kompyuta. Ilijifunza tangu utotoni.

Mwaka 2017 mpiga picha wa Marekani Laura Larson alichapisha kitabu kuhusu picha hizi, na humo akaeleza safari yake ya kumwasili mtoto kutoka Ethiopia. Mtu anayesoma kitabu hicho akiwa Afrika Mashariki hawezi kukwepa swali: mama aliyefichwa ni nani katika hadithi ya namna hiyo? Ni yule anayelea, au ni yule aliyezaa na kubaki nyuma, ambaye hakuna fremu inayomwonyesha?

Shuka nyeupe ya Richardson

Na sasa turejee Richardson. Mji ule wa reli leo ni sehemu ya jiji kubwa la Dallas na Fort Worth, na eneo hilo lina familia nyingi zenye asili ya Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo. Mtoto akizaliwa huko, moja ya mambo ya mwanzo ni kumtafutia pasipoti, ili bibi aliyeko Moshi, Kisumu au Bukavu apate kumwona mjukuu kabla hajaanza kutembea.

Masharti ya Marekani ya picha ya pasipoti ni makali. Nyuma pawe peupe, na katika picha asiwepo mtu mwingine yeyote isipokuwa mtoto. Serikali yenyewe inashauri mtoto alazwe juu ya shuka nyeupe, au kiti chake cha gari kifunikwe kwa shuka hiyo. Mtoto asiyekubali kulala huwafanya wazazi wabuni njia zao. Baba huinama chini ya meza, mama hushikilia shingo kwa mkono uliojificha ndani ya shuka, na mwenye simu hupiga mara 20 hadi apate moja iliyotulia. Kamera ya leo haihitaji sekunde kumi, lakini sheria inahitaji kile kile alichokihitaji mteja wa mwaka 1860, mtoto aliye peke yake. Na kama wakati ule, mtoto huyo hayuko peke yake hata kidogo.

Pasipoti ya mtoto huyo itadumu miaka mitano, kisha itatupwa kabatini. Siku moja ataiona, na asipoambiwa hatajua ni mikono ya nani iliyomshikilia. Huenda ilikuwa ya mama. Huenda ilikuwa ya shangazi aliyekuja kumsaidia mzazi, au ya jirani aliyekuwa akimlea wakati wazazi wako kazini zamu ya usiku.

Mpenzi msikilizaji, wengi wetu tunazo picha za zamani nyumbani, katika albamu au ndani ya sanduku la bibi. Wazee wanaowajua waliomo wangali nasi leo, na kesho huenda wasiwepo. Zigeuze picha hizo, na nyuma yake andika majina kwa kalamu ya risasi: la aliyeketi mbele, la aliyesimama nyuma, na la yule ambaye umebaki mkono wake tu. Louisa wa Missouri alipata jina moja. Waliomo katika masanduku yetu tunaweza kuwapa majina yao yote.